Dizeli Haipungi Upepo

Hadhirina watukufu, mafundi wa chini ya mwembe na wa chini ya bati, madereva, makanga, na nyinyi mliokuja kwa sababu hapa pana kivuli: nawashukuru kwa makofi ambayo nina hakika mlikuwa mnakaribia kuyapiga. Nimealikwa na nafsi yangu, baada ya nafsi yangu kukaa kikao na kunipitisha bila kupingwa, nitoe mhadhara juu ya kubadilisha filta ya dizeli katika gari la zamani. Mtauliza ni shahada gani iliyonipa ruhusa. Taaluma hii haina chuo, na pasipo na chuo, anayeanza kusema ndiye profesa. Tena itazameni mikono yangu. Kucha zote kumi hazina hata chembe ya grisi, na huo ndio ushahidi kwamba sina upande: fundi ana ujira wake, mwenye duka la spea ana faida yake, mwenye gari ana uchungu wake, mimi nina ukweli tu. Ukweli wenyewe ni mmoja, na nitautoa sasa hivi ili anayewahi feri aondoke nao. Kubadilisha filta ya dizeli si kazi ya uchafu, ni kazi ya hewa. Uchafu filta inaushughulikia yenyewe, usiku na mchana, bila kuombwa. Hewa huingizwa na yule anayekuja kuibadilisha. Gari lililoingia gereji likitembea likatoka likivutwa kwa kamba, uchunguzeni mwili wake vizuri: aghalabu halikufa kwa taka, lilipuliziwa upepo na mkono uliokuwa unalitibu.

Kwanza kitu chenyewe, maana nimeona watu wakibishana juu ya filta ambayo hawajawahi kuifungua tumbo. Ni kopo la bati, ndani yake mna karatasi iliyopigwa marinda kama sketi ya sare ya shule, na marinda hayo yamewekwa ili karatasi ndefu ienee mahali padogo. Dizeli huingia kwa matundu madogo ya pembeni, hupenya karatasi kutoka nje kwenda ndani, kisha hutoka kwa tundu kubwa la katikati ikielekea kwenye pampu. Shikeni mpangilio huo, nje chafu, katikati safi, kwa kuwa baadaye utawaaibisha baadhi yenu. Na kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu ndani ya pampu ya gari la zamani chuma kinatembea ndani ya chuma kwa nafasi ya mikroni mbili, tatu au nne hivi, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama 70. Chembe ya vumbi usiyoweza kuiona kwa jicho, pampu inaiona kama tofali. Wazee walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Hawakuwa wakizungumzia pampu ya dizeli, lakini mimi nawapa idhini ya kuhesabiwa miongoni mwa waasisi wa taaluma hii. Isitoshe, pampu nyingi za magari ya zamani, hasa zile za duara zilizofungwa kwenye Hiace na Hilux, hazina oili yao. Zinalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita. Ikikosekana dizeli ikapita hewa, chuma kinasuguana na chuma kikavu.

Sasa hadhirina, historia. Mtaalamu asiyeanzia mbali hulipwa kidogo. Rudolf Diesel, Mjerumani, aliifanya injini yake ifanye kazi sawasawa mjini Augsburg mwaka 1897, na mwaka 1913 akatoweka usiku kutoka kwenye meli iliyokuwa ikivuka kuelekea Uingereza. Kinachotuhusu si kutoweka kwake, kinachotuhusu ni jinsi alivyoingiza mafuta kwenye silinda. Aliyapuliza kwa hewa iliyobanwa. Injini ilihitaji mtambo mwingine kando yake wa kubana hewa hiyo, mzito, mkubwa, wenye kuharibika, na ndiyo maana dizeli za mwanzo zilikaa viwandani na melini, mahali ambapo uzito si hoja. Ikabidi wahandisi watafute njia ya kuyasukuma mafuta matupu, kimiminika kitupu, pasipo upepo wa kuyasindikiza. Kampuni ya Robert Bosch ilipoanza kutengeneza pampu za namna hiyo kwa wingi mwaka 1927, njia ilifunguka kwa malori, na kufikia 1936 Mercedes-Benz walikuwa wanauza gari la abiria la dizeli, 260 D. Mnaona? Dizeli iliingia barabarani siku ilipoachana na hewa kwenye njia ya mafuta. Miaka thelathini ya uhandisi ilikwenda katika kuitoa hewa humo, na wewe, bwana fundi, kwa bisibisi moja na haraka zako za saa sita mchana, unairudisha.

Msije mkanielewa vibaya mkasema profesa anaichukia hewa. Hewa ina heshima yake, ila ina mlango wake. Injini ya Toyota 2L, ile ya sentimita za ujazo 2,446 iliyobeba nusu ya maisha ya mji huu wa Mombasa katika Hiace na Hilux, ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta karibu lita 2,400 za hewa katika dakika hiyo. Inaivuta kwa pua, inaibana mpaka inabaki sehemu moja kati ya 22, hewa inachemka kwa kubanwa huko, na dizeli ikirushwa humo inawaka bila plagi. Kwa hiyo hewa inayoingia kwa mlango wa hewa ndiyo uhai. Hewa hiyohiyo ikipita mlango wa mafuta, hata povu la ukubwa wa punje ya mtama, ni balaa. Sababu si ya kichawi. Nozeli ya magari haya haifunguki mpaka isukumwe kwa nguvu inayozidi mara 100 ya uzito wa hewa inayotuzunguka. Dizeli haibaniki. Ukiisukuma upande huu, inasukuma upande ule papo hapo. Hewa inabanika. Pampu ikisukuma, povu linanywea. Pampu ikiachia, povu linavimba tena. Nozeli imekaa pale inasubiri pigo ambalo halifiki. Stata inalia, betri inalegea, abiria wanaanza kudai nauli yao. Na dizeli inayorushwa kila mara ni kiasi cha tone dogo au pungufu ya hapo. Povu la ukubwa wa tone limekula mlo mzima.

Hapa nakutana na pingamizi la kwanza, nalo ndilo kubwa, kwa hiyo nitakaa nalo. Dereva huinama, hutazama chini ya gari, huona mchanga mkavu, kisha husimama na kutangaza: hakuna panapovuja. Mantiki hiyo inafaa kwa mtungi wa maji, haifai kwa njia ya mafuta ya gari la zamani, kwa kuwa njia hiyo haisukumi, inanyonya. Tangi liko nyuma, chini. Pampu iko mbele, juu. Katika magari mengi ya rika hili pampu ndiyo inayovuta dizeli kutoka tangini, kupitia mabomba ya chuma, kupitia mipira, kupitia filta. Chukueni dafu, mkalitie mrija, kisha mrija huo mkautoboe kwa sindano katikati, halafu mnywe. Je, maji ya dafu yanavuja kwenye kitundu? Hata tone. Kinachotokea ni kwamba hewa inaingia, mnasikia sauti ya aibu, na kinywani mnapata nusu maji nusu upepo. Filta ndiyo katikati ya mrija huo. Raba yake ikikaa vibaya, klipu ya mpira ikilegea, oiringi ya sensa ya maji kule chini ya kopo ikiwa imekauka na kupasuka, hutaona dizeli ikidondoka. Utaona gari linawaka asubuhi, linanguruma sekunde chache kwa dizeli iliyobaki ndani ya pampu, kisha linazima kama mtu aliyekumbuka jambo. Au usiku kucha dizeli inarudi polepole tangini, nafasi yake inashikwa na hewa, na kukicha unapiga stata mpaka majirani wanaamka. Mchanga mkavu chini ya gari haukuthibitisha kitu ila kwamba mvua haikunyesha. Anayetaka kuona kwa macho, aondoe kipande cha mpira kati ya filta na pampu, aweke mpira mwangavu wa dizeli kwa muda, awashe na kutazama. Mapovu hayana adabu ya kujificha.

Basi twende kwenye tendo lenyewe, na hapa naomba simu zizimwe. Filta kuukuu inafunguliwa kwa mkanda au kwa mnyororo wa kufungulia filta. Wapo wanaoidunga bisibisi ubavuni na kuizungusha kama kigingi, na hao nitawaombea dua baadaye. Ikishuka, itazameni kichwa cha filta kule juu, lile bamba la aluminiamu lililobaki kwenye gari. Mara nyingi raba nyeusi ya zamani imeganda huko, imekuwa nyembamba na yenye kung'aa kama ganda la ukwaju, haitofautiani na chuma chenyewe mpaka uipitishe ukucha. Huyu ndiye muuaji. Filta mpya inakuja na raba yake, inafungwa juu ya ile kuukuu, raba mbili zinakaa kama mabibi harusi wawili kwenye kiti kimoja, inakazwa, inaonekana imekaa, na hewa inapita katikati yao ikicheka. Kwa hiyo pitisheni ukucha, hata wangu huu uliotunzwa ungekubali kujitolea kwa jambo hilo. Futeni kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Sensa ya maji iliyo chini ya filta kuukuu ihamishwe kwenye mpya pamoja na oiringi mpya, si ile iliyokwisha kubanwa miaka mingi mpaka imekuwa bapa. Raba mpya ipakwe dizeli kidogo kwa kidole ili isijikunje inapozunguka. Ikazwe kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko, basi. Anayeikaza kwa mkanda mpaka mishipa ya shingo inasimama anaipasua raba na kulidhulumu bati. Wenye Land Rover za zamani na matrekta, ambao filta yao ni bakuli lenye boliti ya katikati, raba zenu ni tatu au nne na kila moja ina mahali pake. Ikibaki moja mkononi baada ya kufunga, usiitie mfukoni.

Tukifika kwenye kujaza, umma wa mafundi unagawanyika madhehebu matatu, na nimeyafanyia uchambuzi wa kina bila kuondoka kitini. Kuna Wamiminaji, Wapampu na Wapiga stata. Wapiga stata ndio wengi na ndio wenye makosa kuliko wote: wanafunga filta ikiwa tupu, kopo zima la hewa, kisha wanamwambia kijana akae ndani azungushe tu mpaka liwake. Stata haikuumbwa kuzunguka zaidi ya sekunde kumi na kitu bila kupumzika, betri nayo ni ya mkopo, na muda wote huo pampu inazunguka kavu, bila dizeli ya kuilainisha. Wamiminaji wana nia njema. Wanaijaza filta mpya kwa dizeli kabla ya kuifunga, na nia hiyo nawapongeza, lakini wanamimina wapi? Katika tundu kubwa la katikati, kwa sababu ni kubwa na dizeli haimwagiki. Nilisema mpangilio ule utawaaibisha. Katikati ni upande safi. Dizeli ya kwenye chupa ya soda iliyokaa kando ya gurudumu tangu Jumanne, ikimiminwa hapo, inaingia pampuni moja kwa moja bila kupita karatasini. Umenunua mlinzi, kisha ukampitisha mwizi kwa mlango wa nyuma. Amiminaye amimine kwa matundu madogo ya pembeni, polepole, asubiri karatasi inywe, aongeze tena. Ni kazi ya subira kama kumnywesha mgonjwa uji.

Dhehebu la Wapampu ndilo nililolipa cheti. Juu ya kichwa cha filta ya Toyota na za jamaa zake kuna kitufe kikubwa, pampu ya mkono. Unalegeza skrubu ya kutolea hewa, unabonyeza, unabonyeza, na mwanzo kitufe ni laini kama boflo. Inatoka hewa, yanatoka mapovu yenye rangi ya chai ya maziwa, kisha inatoka dizeli tupu. Hapo unakaza skrubu na kuendelea kubonyeza mpaka kitufe kinakataa kidole. Mafundi huiita kazi hiyo kublidi. Ikiwa baada ya hayo bado linakataa, unalegeza nati za mabomba kwenye nozeli, nusu mzunguko tu, mtu anapiga stata kidogo, dizeli inatokeza, unakaza moja baada ya nyingine na injini inashika. Uso na viganja vikae mbali, kwa kuwa mnyunyizo wa dizeli wenye nguvu hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na hiyo si safari ya kwenda kwa mganga wa mizizi, ni ya hospitali siku hiyohiyo. Wenye magari mapya ya reli moja ya mafuta msiguse nati hizo kabisa; nguvu yake ni zaidi ya mara kumi ya hii na mhadhara huu hauwahusu. Lakini hata kwa Wapampu nina neno. Ile pampu ya mkono ina raba ndani yake, nayo inazeeka, inapasuka, ikaanza kuvuta hewa yenyewe. Kitu kilichowekwa kutoa hewa kinakuwa mlango wa hewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Filta tatu zitabadilishwa bure, lawama zitapewa duka la spea, kumbe mhalifu ameketi juu ya filta amevaa kofia nyeusi.

Pingamizi la pili linatoka Changamwe, na linatoka kwa majivuno. Wanasema: sisi mafuta yanatushukia mlangoni. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilikuwa hapa tangu 1963, bomba la kwenda Nairobi lilianzia hapa 1978, meli zinatia nanga Kipevu, na kila tarehe 14 mamlaka ya nishati, EPRA, inapotangaza bei, ya Mombasa ndiyo ya chini kwa kuwa hatulipi safari. Dizeli yetu ni mbichi kutoka kisimani, filta ni ya watu wa bara. Nawaheshimu watani zangu, lakini kiwanda kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na tangu hapo dizeli inakuja imekwisha kusafishwa ng'ambo, ikapita matangi ya meli, mabomba, matangi ya nchi kavu, lori, shimo la kituo, na mara nyingine dumu la njano lililowahi kuwa la mafuta ya kupikia. Usafi wa mwanzo wa safari haumlazimishi mtu wa mwisho wa safari. Na adui mkubwa wa Pwani hatoki kituoni, anatoka tangini mwako. Hapa hewa ni nzito kwa unyevu, kaskazi na kusi zote zinatoka baharini. Tangi lililo nusu tupu hujaa hewa hiyo mchana, usiku bati linapoa, na ndani yake linatoka jasho kama glasi ya maji baridi. Jasho linateremka chini ya dizeli, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli, linatia kutu, linazalisha utelezi mweusi wa vijidudu vinavyoishi mpakani mwa maji na mafuta. Ndiyo maana chini ya filta kuna skrubu ya kumwagia maji. Ni wangapi kati yenu waliowahi kuifungua? Nimeuliza kwa sababu za kitaaluma, msiinue mikono yote ya uongo.

Kuna waliozoea kulaumu mafuta ya taa, na lawama hiyo ina msingi wake. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kulikuwa kumeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi, na pampu inayolainishwa na mafuta yake yenyewe huliwa nayo taratibu. Lakini tazameni mantiki: filta haiwezi kuyazuia mafuta ya taa, yanapita kwenye karatasi kama dizeli inavyopita. Kubadilisha filta kwa sababu ya mafuta ya taa ni kubadilisha mlango kwa sababu mgeni ana tabia mbaya. Wakati huohuo umefungua kopo, umeingiza hewa, na kesho utaapa kwamba ni mafuta ya taa yaliyokuzimia gari. Hewa hupenda sana kesi ambapo kuna mshukiwa mwingine.

Likoni nao wana pingamizi lao, na hili nalipenda kwa sababu linanithibitisha. Wanasema gari letu halina tatizo mtaani, Shika Adabu hadi Mtongwe linakwenda kama saa, ila likifika kwenye mteremko wa feri linazima. Wapo wanaotafuta maelezo baharini. Mimi natafuta kwenye kipimo cha mafuta. Matatu nyingi hutiwa dizeli ya mia tano, ikiisha ya mia tano nyingine. Tangi haliwahi kujua robo. Maji yakiwa yamekupwa, feri inashuka pamoja na bahari na mteremko unazidi ukali. Dizeli kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa tangi, na bomba la kuvutia linaweza kubaki wazi likinyonya upepo. Kumbe hapo hakuna filta mbovu wala fundi mbovu, ila hewa imeingia kwa mlango wa mbele kabisa, na matokeo ni yaleyale: gari limezima katikati ya umati unaokuja kwa mguu, makanga anabonyeza pampu ya mkono huku akitukanwa na tuktuk. Wataniambia hawana pesa za kujaza tangi. Sikuwaambia wajaze. Robo ya tangi inayokaa humo daima hununuliwa mara moja tu. Baada ya hapo unaendelea na mia tano zako kama kawaida, ukila ya juu na kuiacha ya chini. Ni akiba, si matumizi. Najua hoja hii ni rahisi kwa mtu asiyemiliki matatu, lakini urahisi wa hoja haujawahi kuwa kosa lake.

Tuje Kisauni, makao makuu ya ubunifu. Huko kuna shule inayosema filta haitupwi: inapulizwa kwa kompresa ya gurudumu, au inasukutuliwa kwa petroli, inakuwa mpya. Karatasi ile ilikamata chembe kwa kuzibana katika nyuzi zake; ukipuliza kwa nguvu, chembe hazitoki, zinatoka nyuzi. Unabaki na karatasi yenye matundu usiyoyaona, na ulinzi wa mikroni umekuwa ulinzi wa neti ya kuvulia papa. Wakisema filta mpya ni ghali, walinganishe na kurekebisha pampu na nozeli nne, kisha tuzungumze. Kuna ubunifu mwingine hatari zaidi kwa sababu unaonekana wa busara: kuongeza filta ndogo ya plastiki, ile mwangavu ya petroli, kabla ya filta kubwa, ili dizeli ichujwe mara mbili. Hesabuni. Umekata mpira mmoja ukapata miisho miwili, umeweka klipu mbili mpya, katika njia inayonyonya. Kwa kutafuta usafi umefungua madirisha mawili. Filta ndogo yenyewe ni nzuri kutazama, mapovu yanaonekana yakicheza ndani yake, na wenye gari huonyeshana wakidhani ni dizeli inachemka kwa afya.

Lakini mwanachuoni wa kweli hukubali pale anaposhindwa, ilimradi isiwe mara kwa mara. Wapo mafundi Magongo na Mikindani wanaofunga pampu ndogo ya umeme karibu na tangi, ikisukuma dizeli mbele badala ya kuiacha inyonywe. Hoja yao ni kwamba njia ikisukumwa, penye ufa hapaingii hewa, panatoka dizeli, na hapo mchanga chini ya gari unakuwa shahidi wa haki. Nimeitafakari kwa siku nyingi hoja hii nikitafuta dosari yenye hadhi ya kunifaa, na lazima niseme kwa shingo upande kwamba ni sahihi, mradi pampu iwe ya nguvu ndogo na waya wake uwe na fyuzi. Haivunji nadharia yangu hata hivyo, inaitumikia. Walichofanya ni kuigeuza hewa isiyoonekana kuwa tone linaloonekana. Raba iliyokaa vibaya bado imekaa vibaya. Sasa tu inajulikana. Na anayefunga pampu hiyo ili asihangaike kupitisha ukucha kwenye kichwa cha filta amenunua taa ya kumulika uchafu badala ya ufagio.

Limebaki pingamizi la mwisho, la yule anayekaa nyuma kabisa na kusema kwa utulivu kwamba gari lake ni la siku nyingi, liliingia nchini likiwa bado ndani ya umri wa miaka minane ambao sheria inauruhusu kwa magari ya kuagizwa na sasa limeota mvi, filta haijaguswa miaka, na linawaka. Kumbishia kwa maneno ni kupoteza hotuba nzuri. Huyu nampa jaribio, halina gharama wala halihitaji spana. Usiku mmoja aliegeshe gari pua ikitazama juu, tangi likiwa chini ya injini. Asubuhi ahesabu sekunde za stata kabla halijashika. Usiku wa pili aliegeshe pua ikitazama chini, ahesabu tena. Kama hesabu ni moja, nitampa mkono. Kama pua ikiwa juu linasumbua na pua ikiwa chini linawaka mara moja, basi usiku dizeli ilikuwa inarudi tangini na hewa inachukua nafasi, na mlango wa hewa hiyo uko mahali fulani kati ya tangi na pampu. Changamwe mna vilima, chagueni. Kisauni ni tambarare, wekeni matofali chini ya magurudumu ya mbele usiku wa kwanza na ya nyuma usiku wa pili, breki ya mkono ivutwe, na mtoto asilale chini yake. Likoni mteremko mzuri kuliko yote ni ule wa feri, lakini askari hatakubali gari lilale pale kwa ajili ya sayansi, hata mkimtajia jina langu.